Kura za Kiti cha Joto

Jumatatu, tarehe 8 Julai

Binti yangu ameondoka asubuhi. Siku tano, semina ya wapima ardhi, hoteli yenye lifti. Wapo wanawake mtaani hapa ambao watoto wao husafiri kwenda kutafuta kazi. Wangu husafiri kwa kuitwa. Sijisifu. Naandika tu ilivyo.

Ameenda na basi la ofisi, gari lake kaniachia mimi. Jeupe, limevuka bahari kutoka nchi ya theluji, na maandishi yanayotokea kwenye kioo chake ni kama njiti za kiberiti zilizomwagika. Hata yeye hayaelewi, na ana digrii. Mimi niliishia darasa la saba, lakini picha nazisoma vizuri sana.

Kaniachia na karatasi, kaibandika kwenye mlango wa friji, herufi kubwa kama naanza chekechea. Gari liwashwe kila baada ya siku mbili, dakika kumi na tano. Milango ya banda ifunguliwe yote miwili kwanza, tena hadi mwisho. Gia iwe kwenye P. Viti, feni na taa vizimwe, ndipo nikanyage breki, ndipo nibonyeze kitufe. Viti vya joto visiwashwe kama injini hainguri. Asivikalie mtu ambaye mwili wake hausikii joto vizuri. Asivikalie mtu yeyote kwa muda mrefu. Nikamwambia, mwanangu, wewe mzima nilikuleta duniani, nitashindwa na kitufe? Akaniangalia kwa muda mrefu sana. Mapenzi hayo.

Wiki yenyewe ni ya uchaguzi. Jumamosi kikundi chetu cha ushonaji kinachagua mwenyekiti. Tuko kumi na moja, tunashona sare za shule kwenye chumba kimoja chenye dirisha moja. Chini ya dirisha ipo cherehani moja, na hiyo ni ya mwenyekiti, ndivyo tulivyojiwekea. Mwenyekiti ni Mama Geti, jirani yangu, miaka sita sasa. Tunamwita hivyo kwa sababu ya geti lake jeusi lenye simba wawili wa bati, ambao kwangu mimi ni paka. Mimi nimewekwa pembeni karibu na choo, chini ya taa inayopepesa kama ina deni la usingizi.

Hapa naandika siri, na daftari hili nalificha kwenye pipa la unga. Wiki iliyopita nilishona mfuko wa shati ukatazama ndani. Mara mbili. Nikasema ni kosa la kitambaa. Si kitambaa, ni macho. Sindano naitunga kwa kubahatisha. Binti akijua ataniambia nipumzike, na nikipumzika mimi nitakuwa nani? Nataka lile dirisha. Basi.

Jioni nikaingia garini kufuta vumbi. Nikabonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili, taa zikawaka, redio ikaimba. Kuna kitufe chenye picha ya kiti kinachofuka moshi. Nikakibonyeza kuona kinapika nini. Baada ya dakika mbili nikasikia joto chini yangu. Nilishtuka. Nikajua ndiyo hivyo, uzee umefika, na umefikia kwenye gari la mtoto. Nikapapasa. Pakavu! Ni kiti chenyewe. Na mgongo wangu, unaouma tangu tukate sare za muhula uliopita, ukalegea kama siagi.

Washonaji kumi na mmoja. Migongo kumi na moja. Kura kumi na moja.

Sikulala vizuri kwa furaha.


Jumanne, tarehe 9 Julai

Nimeanza na Mama Pacha, rafiki yangu wa damu, mwenye mgongo mbovu kuliko wote. Nilimwambia nina tiba kutoka ng'ambo. Akadhani ni vidonge. Nikamfungulia mlango wa gari kama dereva wa waziri, nikamkalisha, nikabonyeza kiti hadi vijitaa vitatu. Alinyamaza robo saa nzima, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu nimfahamu. Kisha akaniuliza kama kura ni ya siri au ya kunyoosha mkono, maana yeye yuko tayari kunyoosha yote miwili.

Mchana akawaleta wengine watatu. Viti vya joto ni vya mbele tu, kwa hiyo wawili wanakalia, wawili wanasubiri nyuma na kuuliza kama bado. Tulikaa mpaka saa kumi. Redio juu, feni juu, taa ya ndani inawaka ili waone vizuri walivyokaa kifahari.

Mama Pacha akaniuliza mbona injini haisikiki. Nikamwambia magari ya bei mbaya hayapigi kelele, kelele ni za magari ya watu fulani. Tukacheka tukitazama upande wa geti jeusi. Breki sikukanyaga. Kiatu changu kina matope, na zulia la gari ni la mtoto wangu.

Kura nne mkononi, na yangu ya tano. Nilimkuta Mama Geti kwenye uzio akianika nguo ambazo zilikuwa zimeshakauka. Akanisalimia kwa sauti ya asali, akaniuliza kama nina wageni. Nikamwambia ni ugonjwa wa kupendwa tu.


Jumatano, tarehe 10 Julai

Gari limekufa.

Nilibonyeza kitufe, kikatoa sauti kama mtu anayesonya. Nikabonyeza tena. Kikasonya kidogo zaidi. Mara ya tatu hakikujisumbua. Nililibembeleza. Nililisomea karatasi ya binti yote, kwa sauti. Baba watoto akapita na gazeti lake, akatazama, akasema huenda limesikia habari za uchaguzi. Huyo ni mstaafu, hana kazi nyingine zaidi ya kuwa mchekeshaji.

Nikamwita fundi wa mtaa wa pili, nikamwapisha asiseme popote. Akaja na pikapu yake, akafungua milango yote ya banda, akaunganisha nyaya nene kutoka betri yake hadi yetu. Akaniuliza nililiwashaje. Nikamweleza, kwa kina, kwa lugha ya kitaalamu.

Akafuta mikono kwa tambara, akaniambia, "Mama, ulichokuwa unawasha ni redio."

Kumbe bila kukanyaga breki injini haiamki. Kumbe muda wote ule viti, feni na taa vilikuwa vinakunywa betri peke yake, na betri ni kama kopo, si bomba. Akanifundisha upya. Zima kila kitu. Hakikisha gia iko kwenye P. Kanyaga breki kwa nguvu. Bonyeza mara moja. Likanguruma. Akasema liachwe lingurume nusu saa lirudishe chaji, na milango ya banda isiguswe, maana banda ni mahali pa gari kulala, si pa gari kupumua. Nikamwambia hayo yote nayajua. Akaniangalia kama binti alivyoniangalia. Nashangaa ni mapenzi ya aina gani haya watu wanayonipa wiki hii.

Nyaya zilionekana kutoka kwenye uzio, bila shaka. Kufikia saa nane chumba kizima cha ushonaji kilikuwa kinajua gari la binti yangu ni maiti. Nikasimama nikawaeleza kwamba gari la kisasa hutundikiwa dripu kila mwezi, ni huduma. Mama Geti akamwaga chai kutoka kwenye lile chupa lake linalotosha msiba. Akawapa wote. Mimi akanipa kikombe kilichojaa zaidi. Nikaelewa mara moja: hongo.


Alhamisi, tarehe 11 Julai

Mvua tangu alfajiri, baridi ya kukata masikio. Hali ya hewa ya kampeni, nikasema.

Wakaja watano, akiwemo Mama Pacha, ambaye sasa anakuja na mto wake. Leo nilifuata maagizo kama mwanafunzi bora. Nilizima kila kitu. P. Breki, na kiatu nilivua. Kitufe. Injini ikanguruma! Wote wakapiga makofi. Ndipo nikawasha viti, nikaelekeza feni kwenye picha ya mtu anayepigwa mshale miguuni, nikapandisha joto.

Shida ilikuwa mvua. Ilipiga ndani ya banda moja kwa moja, ikalowesha mto wa Mama Pacha. Tena Mama Geti alishatoka na mwavuli, anajifanya anakagua mfereji. Nikafunga mlango mmoja. Baridi ikaingia kwa ule mwingine. Nikaufunga nao. Halafu nikakiona kitufe chenye picha ya gari na mshale uliojikunja ndani kama mkia wa paka. Nikajua maana yake: joto lisitoke. Nikakibonyeza. Palikuwa patamu humo ndani, usipime. Tuliimba.

Baada ya muda kichwa kikaanza kunigonga. Nikadhani ni nyimbo. Mmoja wa nyuma akasema anasikia kichefuchefu, nikamwambia ndiyo dawa inafanya kazi. Mama Pacha alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, mashavu mekundu. Nikajisemea, huyu mgongo umepona moja kwa moja. Nilitaka kunyoosha mkono nimfunike khanga. Mkono ukakataa. Nikaona ajabu, lakini ajabu ya mbali, kama inamtokea mtu mwingine.

Milango ikafunguka kwa kishindo. Mama Geti, bila mwavuli, kalowa chapachapa. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa lori. Alizima gari kabla hajasema neno, akafungua milango yote minne, akamshika Mama Pacha chini ya makwapa akamburuta mvuani na mto wake. Kisha akanigeukia.

"Toka nje, mwenzangu. Mtakufa humu mkiimba."

Alipaza sauti, Baba watoto akatoka mbio, na gazeti akalitupa, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya harusi yetu. Zahanati wakatuvalisha vinyago vya hewa mmoja mmoja. Muuguzi akaeleza kwamba moshi wa gari una hewa ndani yake isiyo na harufu wala rangi. Ukiwa umejifungia nayo, haikupigi hodi, inakulaza tu, na dakika kumi nyingine zingemtosha Mama Pacha. Alipofumbua macho aliniuliza kama zamu yake imeisha.

Nilimshika mkono mpaka jioni. Nililia kidogo. Kinyago kilikuwa kinabana.

Mimi nilivalishwa kinyago kwa muda mrefu kuliko wote. Mgombea lazima aangaliwe.


Ijumaa, tarehe 12 Julai

Mama Geti sasa ni shujaa. Wamempelekea kitenge. Wamempelekea sabuni. Mtu kafungua mlango! Mimi nafungua milango kila siku, hakuna aliyewahi kuniletea hata kipande cha mche. Tena alifuata nini kwenye banda langu, kama si upelelezi? Hilo hakuna anayeuliza.

Kura zangu zimeyeyuka. Wote watano wananisalimia kwa kunionea huruma, na huruma haipigi kura. Kati ya wanne ambao hawakuwamo garini jana, watatu ni watu wa Mama Geti, kwa hiyo amebaki mmoja tu: Bibi Mikasi, mkataji wetu, mkubwa kuliko sote, sukari inamsumbua miaka mingi. Nikamfuata kwake saa tano. Nikamhakikishia kwamba kasoro zote zimerekebishwa. Na kweli nilirekebisha: milango ya banda wazi hadi mwisho, ule mshale uliojikunja nimeuzima, breki, P, kila kitu. Hata fundi angenipigia saluti.

Nikampa vijitaa vitatu. Baada ya dakika kumi nikamuuliza anasikiaje. Akasema hasikii chochote, labda kiti kimeharibika. Nikamwambia avumilie. Baada ya nusu saa bado hasikii. Nikamwekea blanketi mapajani ili joto limpate vizuri. Tukaongea habari za ujana wake. Ana visa yule bibi! Saa nzima ikapita kama dakika.

Basi la ofisi likasimama nje. Semina imekwisha asubuhi. Binti yangu akashuka na sanduku lake, mrembo, amechoka, akatuona. Sikuwahi kumwona akikimbia na viatu vile vya visigino. Akazima kiti, akamtoa bibi taratibu, akaomba kumtazama. Nyuma ya mapaja pamekuwa pekundu kama tofali, na malengelenge mawili. Bibi mwenyewe alikuwa anacheka, anauliza kuna nini. Sukari ilishamwibia hisia za miguu tangu zamani. Kila mtu anajua. Mimi pia najua. Ila sikujua kama kiti nacho kinahusika.

Maji ya baridi, kisha zahanati. Muuguzi yuleyule. Akaniuliza kama nina mpango wa kuwaleta wote kumi na mmoja, ili wanifungulie faili la kikundi. Bibi Mikasi atapona baada ya wiki mbili za kulala kifudifudi.

Jioni binti akaisoma karatasi ya friji pamoja nami, mstari kwa mstari, kama polisi. Kisha akaniuliza uenyekiti wenyewe ni wa nini hasa. Nikamwambia ni heshima. Akasema si kweli. Nikamwambia ni maendeleo ya kina mama. Akainuka akachukua shati la sare kutoka kwenye kapu langu, akalitazama. Mfuko ulikuwa unatazama ndani. Wa tatu. Sikuwa nimeuona.

Akauliza polepole, "Mama, tangu lini huoni?"

Nikamwambia naona sana. Akanipa sindano na uzi. Nilihangaika nao. Hakuninyang'anya sindano, hakunisaidia, alikaa tu pembeni yangu mpaka nikaacha mwenyewe. Kisha akaweka kichwa chake begani kwangu, jitu zima lenye digrii. Akasema hatanizuia kushona, hata siku moja. Anataka niende nikapimwe macho tu. Tutaenda Jumatatu kwa daktari wa macho, foleni inaanza saa moja asubuhi, wanachukua watu ishirini wa kwanza, na daktari mwenyewe huja mara moja kwa miezi miwili. Nikakubali kwa shingo upande. Lakini nalala vizuri leo. Sijui kwa nini.


Jumamosi, tarehe 13 Julai

Matokeo. Waliopiga kura: kumi. Bibi Mikasi hakufika, hawezi kukaa. Mama Geti: nane. Mimi: mbili.

Mbili! Moja ni yangu. Mama Pacha nilimwangalia usoni akaangalia dari. Usingizi wote ule, mto, nyimbo, na mkono nilioushika zahanati mpaka ukafa ganzi. Mbele ya watu akasema anajivunia kuwa hai. Ubinafsi tu huo.

Nilitoa hotuba fupi ya kushindwa. Nilisema nawasamehe. Wakaonekana kushangaa.


Jumapili, tarehe 14 Julai

Naandika haraka, kwa furaha ya ushindi.

Saa tisa mchana, binti amelala usingizi wa safari, Baba watoto naye kwenye kiti chake, gazeti usoni. Mlango wa nyuma ukagongwa. Mama Geti. Peke yake, mkono kiunoni, anatembea kama mtu aliyebeba ndoo isiyoonekana. Alianza na habari za mvua. Akaja kwenye habari za bei ya vifungo. Mwisho akasema kwamba alipomburuta Mama Pacha siku ile, kitu kilimchomoka mgongoni, na hajalala tangu hapo. Halafu akatazama viatu vyake akauliza kile kiti, kwani, ni kweli kinasaidia?

Nilimwacha asubiri kidogo. Ningekuwa mtakatifu nisingefanya hivyo.

Akaniambia pia kwamba ile kura ya pili ilikuwa yake. Mtu hajipigii mwenyewe, akasema, ni aibu. Nikamwambia niliijua tangu mwanzo, anayejua ubora huonekana. Kisha nikataja bei. Cherehani ya dirishani. Alifikiri kwa muda mfupi kuliko nilivyotegemea. Akasema ningeomba tu angenipa tangu mwaka jana, pale penye jua panamwumiza kichwa, anakaa kwa sababu ya cheo. Huo ni uongo wa mtu aliyeshindwa, lakini nimeupokea kwa adabu. Kuanzia kesho mchana, dirisha ni langu. Dirisha!

Anayesema huwa sijifunzi aje asome hapa. Ufunguo niliutoa kwenye mkoba wa binti bila kumwamsha. Milango ya banda nilifungua yote miwili, hadi mwisho. Nilimuuliza mgonjwa kama miguu yake inasikia joto, akajibu inasikia hadi baridi ya mwakani. Kijitaa kimoja tu, cha kuanzia. Tena kuhusu ule moshi wa sumu niliumaliza kabisa kwa akili yangu mwenyewe: injini sikuiwasha. Hakuna injini, hakuna moshi, hakuna kelele ya kumwamsha mtoto. Viti viwili tu, feni ya miguuni na redio kwa sauti ya chini. Tulikaa mimi na yeye kama mawaziri wawili, saa mbili na nusu. Tuliwasengenya wote nane. Ana mdomo yule mwanamke, sikujua tungependana hivi. Kufikia mwisho taa zilipunguza mwanga zenyewe, taratibu, kutupisha tupumzike. Gari lenye adabu.

Ufunguo nimeurudisha mkobani, chini ya kitana. Binti ameamka, ananiandalia nguo za kesho. Ana wasiwasi wa kuchelewa foleni, anataka tukodi teksi ya mapema. Nimemkatalia katakata. Nimemwambia mama wa mpima ardhi haendi kwa daktari wa macho na gari la kukodi. Tutatoka saa kumi na mbili kamili, na tutaenda na letu.